Ntalikwa ikitikisika, chanzo kiko mbali

Mkazi wa Ntalikwa, mkoani Tabora, anaweza kumaliza miaka mingi bila kusikia ardhi ikitikisika. Sababu iko chini ya miguu yake. Sehemu kubwa ya Unyamwezi imekalia mwamba mkongwe, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Wanajiolojia wanauita Kratoni ya Tanzania.

Bonde la Ufa lilishindwa kuupasua mwamba huo, likauzunguka. Tawi la magharibi likapita Ziwa Tanganyika na Rukwa, la mashariki likapita Natron na Manyara. Misafara ya zamani iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilikuwa inatoka kwenye mwamba tulivu na kuteremka ufani.

Ufa huo bado unafunguka, milimita chache tu kwa mwaka. Pande mbili za mwamba hung'ang'aniana, nguvu inajikusanya, halafu siku moja zinateleza ghafla. Hilo ndilo tetemeko.

Desemba 13, 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, moja ya makubwa kabisa kupimwa Afrika. Desemba 5, 2005 likaja la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika. Nyumba zilianguka Kalemie, Congo, na hata Nairobi watu waliusikia mtikisiko.

Kwa hiyo Tabora haijasalimika kabisa. Mwamba mgumu hausababishi matetemeko mengi, lakini unasafirisha mawimbi mbali.

Wataalamu wanajuaje lilikotoka? Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili. La kwanza lina kasi, la pili ni la polepole lakini linatikisa zaidi. Kwa tetemeko la ziwani, mawimbi hayo yangefika Tabora yakipishana kwa kama sekunde 40. Pengo likiwa refu, chanzo kiko mbali. Kituo kimoja kinatoa umbali tu. Vikiwa vitatu, kitovu kinapatikana.

Kati ya 1994 na 1995 watafiti walitandaza vipimo karibu 20 nchini, vikiwemo vya Urambo na Puge. Mawimbi ya matetemeko ya mbali yaliwaonyesha kuwa mzizi wa mwamba huu unashuka zaidi ya kilomita 150. Ni kama daktari anayempima mgonjwa kwa kumgongagonga kifua. Leo kazi ya kufuatilia mitetemo iko kwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma.

Namba nazo zinachanganya watu. Tetemeko la 6 halizidi la 5 kidogo tu: nguvu inayotoka ni kama mara 32.

Ila mara nyingi kinachoua ni nyumba. Septemba 10, 2016 tetemeko la 5.9 mkoani Kagera liliua watu wasiopungua 17, na maelfu ya nyumba zikaharibika. Ukuta wa tofali za udongo usio na lenta wala nguzo hauhimili kusukumwa kwa ubavu, na nyumba za namna hiyo Tabora zimejaa.

Ujumbe wa WhatsApp unaotaja saa ya tetemeko ni wa kupuuza, maana hakuna mtaalamu anayeweza kuijua. Likianza ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara na ushikilie. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta na nguzo za umeme. Likiisha, usirudi haraka kwenye nyumba yenye nyufa, kwani madogo huwa yanafuata.