Bibi zetu walisoma



Tumezoea kusema bibi zetu hawakusoma. Mtu amehitimu Qur'ani, anaandika barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini akifika ofisini anaambiwa atie dole gumba. Hesabu hiyo hatukuipiga sisi. Wakoloni walipozifanya herufi za Kirumi kuwa ndizo za shule na za ofisi, asiyezijua akahesabiwa mjinga.

Sasa mtazameni Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mkuu wa Siyu aliyepigana na Sultani wa Zanzibar, akafariki 1856. Miaka miwili baadaye, naye akiwa mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa wasia. Mwanzoni kabisa anamwambia asogee na wino na karatasi. Wino na karatasi, dada zetu! Mama anaumwa, na anajua binti yake ataandika. Hii ni 1858, Waingereza hawajaitawala pwani hii.

Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliutoa kitabuni na tafsiri ya Kiingereza, wakaupa jina la nasaha za wajibu wa mke. Wametusaidia kuuhifadhi, hilo tunakubali. Lakini jina lile limeupunguza. Kumtunza mume kumo, tena kwa urefu, na si yote tutayachukua yalivyo. Ila mama anaanza na dini, adabu na ulimi mzuri, na anamaliza kwa dua ndefu.

Chakula nacho ni hivyo hivyo. Mkate wa mofa wa unga wa mtama tunauona wa kimasikini, mkate mweupe ndio wa wageni. (Muhogo je? Tunauita wa asili, na uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini.)

Dukani kwetu mashela meupe tunashona, hatumkatazi mtu. Lakini biharusi akija kupimwa tunamuuliza: sandukuni mwa bibi yako mna karatasi? Barua, dua, hesabu za harusi za zamani? Zisitupwe nyumba ikipakwa rangi. Mpeni bibi azisome kwa sauti, na mmoja wenu akae pembeni aandike.