Kilwa: Himaya, Milki au Dola?

Tangu somo la Historia ya Tanzania na Maadili lianze kufundishwa kwa Kiswahili katika sekondari zetu, swali lililokuwa limejificha nyuma ya Kiingereza limejitokeza wazi. Kilwa Kisiwani ya karne ya 14 ilikuwa nini? Mwalimu wa hapa Makoko, Musoma, akitafuta neno la kuandika ubaoni atakuta matatu yanagombea nafasi moja: himaya, milki na dola. Yote yamekwisha kutumika kwa Roma, kwa Mali, kwa Waosmani na kwa Waingereza. Makoko ni mahali pafaapo kuulizia jambo hili, kwa kuwa ndipo wamisionari wengi kutoka ng'ambo walipojifunzia Kiswahili. Mwalimu wa lugha anajua kuwa mgeni akipewa neno lisilo sahihi siku ya kwanza, atalibeba miaka mingi. Mwanafunzi wa historia naye ni hivyo hivyo.

Tuitazame Kilwa kwanza, majina yafuate.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, na kiko karibu sana na bara, katika mkoa wa leo wa Lindi. Utajiri wake haukutoka ardhini mwake, bali ulitokana na upepo. Kaskazi, inayovuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, huleta vyombo kutoka Arabuni na India, kusi huvirudisha. Nahodha aliyetoka huko aliweza kufika Kilwa, kuuza, kununua na kugeuza tanga ndani ya msimu mmoja. Akipita kwenda kusini zaidi, hadi Sofala katika Msumbiji ya leo, upepo ungemgeuka kabla hajarudi. Lakini dhahabu ilitoka huko kusini, ikishuka kutoka nyanda za juu za Zimbabwe hadi pwani ya Sofala. Hivyo Kilwa ikawa mahali ambapo safari mbili zilikutana: ile ya nguo, shanga na vyombo vya kauri vya China, na ile ya dhahabu na pembe za ndovu. Aliyetaka kwenda Sofala alilipa ushuru Kilwa, na masultani walikuwa na watu wao wa kusimamia biashara huko Sofala. Mafia nayo ilikuwa chini ya sauti yao.

Fedha hizo zilijenga. Msikiti Mkuu ulioanzishwa karne ya 11 ukapanuliwa kwa nguzo na kuba za mawe ya matumbawe. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman akajenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, jengo la vyumba zaidi ya 100, lenye birika la pembe nane. Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe, za shaba kwa wingi, na jina la sultani upande mmoja liliunganishwa kwa kina na sifa ya Mungu upande wa pili. Nawaomba wapenzi wa ushairi walifikirie hilo: mji uliotia vina hata kwenye fedha ya sokoni! Sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, na mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri, akaeleza kuwa sultani aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Alieleza pia kwamba sultani huyo alikuwa akivamia nchi za bara na kuchukua ngawira. Nukta hii ni nzito kwa mada yetu: kuvamia si kutawala. Aliyerudi kisiwani na mateka hakuacha nyuma yake liwali wala mipaka.

Sasa tuyapime yale maneno matatu.

Himaya asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ni kulinda, kukinga. Katika historia yetu neno hili lina kazi maalumu: mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza, yaani nchi yenye sultani wake lakini ulinzi na mambo ya nje yake mikononi mwa mwingine. Hapa ndipo kuna hatari. Tukisema pia "Himaya ya Uingereza" kwa maana ya tawala zake zote duniani, neno moja linamtaja mtawala na mtawaliwa. Mwanafunzi akisoma "Himaya ya Kilwa" ana haki ya kuuliza: Kilwa ilikuwa chini ya ulinzi wa nani?

Milki ina afadhali, ila nayo imetokana na kumiliki. Inawafaa Waosmani na Warumi, waliohesabu majimbo, wakaweka magavana na majeshi, wakatoza kodi ya ardhi. Kilwa haikumiliki migodi ya dhahabu, wala njia za bara zilizoileta Sofala. Wavuvi wa Musoma watanielewa upesi: mwenye kukusanya ushuru kwenye mwalo wa Mwigobero hamiliki sangara walio ziwani, wala dagaa, wala visiwa walikovuliwa. Nguvu yake ni kwamba mzigo lazima utue hapo.

Linabaki dola. Katika Kiarabu asili yake inahusiana na zamu, na kugeuka kwa hali, mamlaka yakihama kutoka mkono huu kwenda mwingine. Katika Kiswahili limekuwa mamlaka yenyewe: tunasema vyombo vya dola, tunasema Jumuiya ya Madola. Halidai ukubwa wa ardhi wala umiliki wa kila kilichomo. Linadai tu kwamba kuna wenye amri, hazina na sheria. Hayo yote Kilwa ilikuwa nayo. Wapo wanaolalamika kuwa neno hili linachanganyikana na fedha ya Marekani, lakini sijaona msomaji aliyepotea kwa sababu hiyo, muktadha hutosha. Na pale tunapotaka kutaja aina yake, tuseme "dola ya kibiashara".

Uteuzi wa neno una uzito, na mtu wa Mara hahitaji kwenda mbali kuona hivyo. Mwalimu Nyerere wa Butiama alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu wafanyabiashara wa Venisi, mji mwingine uliotajirika kwa bahari, aliiita Mabepari wa Venisi. Ilitoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Bepari ni neno lililotoka India, na huko ni mchuuzi tu. Kwa Mtanzania wa wakati ule lilikuwa limeshabeba hukumu, na Mwalimu alilichagua akijua hivyo.

Wareno nao walijua nguvu ya Kilwa ilikuwa wapi. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wake kulipa dhahabu. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuupora, kisha Wareno wakajenga ngome huko na Sofala. Hawakuhitaji kuteka bara. Waliposhika bandari mbili, biashara ikayumba, na dola ikaporomoka, jambo ambalo milki yenye ardhi pana lisingeikuta upesi namna hiyo. Mwaka 1512 waliondoka Kilwa wenyewe.

Kwa hiyo nawasihi walimu na wahariri wa vitabu: andikeni Dola ya Kilwa. Milki tuwaachie Warumi na Waosmani, na himaya ibaki kwa Zanzibar ya mwaka 1890.