Barua kutoka Nyuma ya Seng'enge

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, askari waliwapiga marungu wafungwa waliokataa kazi ya kulazimishwa. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema vifo vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji. Nikiwafundisha wanafunzi wangu habari za Mau Mau, uasi wa Kenya dhidi ya ukoloni wa Uingereza, huanzia kwenye maji hayo, kwa kuwa wakishaelewa uongo ule wanaelewa pia kwa nini mfungwa alitafuta kalamu kwa udi na uvumba.

Tumezoea kuikumbuka Mau Mau kwa msitu: Nyandarua, bunduki za kujiundia, majenerali. Kambi tunazipita mbio. Lakini baada ya hali ya hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, makumi ya maelfu ya watu walizuiliwa bila kufikishwa mahakamani, Manyani, Mwea, Lodwar, Kisiwa cha Manda, na wanawake Kamiti. Huko vita viliendelea kwa karatasi. Aliyejua kusoma alimfundisha mwenzake herufi, na aliyejua Kiingereza aliwaandikia wote malalamiko: viboko, chakula kibovu, mgonjwa aliyenyimwa dawa. Barua zilikwenda kwa gavana, kwa Waziri wa Makoloni na kwa wabunge wa London. Nyingine zilipenyezwa nje na askari walewale waliolinda lango.

Baba yangu mkubwa alikaa Manyani. Hakujua kuandika hata jina lake, lakini hadi uzeeni alizikumbuka barua za kundi lao neno kwa neno, kwa sababu zilisomwa kwa sauti usiku kabla hazijatumwa, na kila mtu aliulizwa kama amekubali. Ndiyo maana siwezi kuziita kazi ya mtu mmoja mmoja.

J. M. Kariuki, aliyepitishwa kambi 14 kati ya 1953 na 1960, alipigwa kwa sababu ya barua zake, akaandika nyingine. Kitabu chake cha kizuizini kilitoka mwaka 1963. Ninachokistahi zaidi kwa waandishi hawa ni ujasiri wao wa kuidai serikali itii kanuni zake yenyewe, huku miili yao ikiwa na alama za kuvunjwa kwa kanuni hizo.

Gakaara wa Wanjau, mchapishaji na mtunzi wa Kikuyu, alikamatwa Oktoba 1952 kwa ajili ya maandishi yake. Kizuizini aliweka shajara kwa siri. Ilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983 na kupata Tuzo ya Noma ya uchapishaji Afrika mwaka uliofuata. Humo mashujaa wana njaa, wanagombana, wanawakumbuka wake zao, wanavutana juu ya kuungama kiapo cha Mau Mau au kunyamaza. Naiamini kwa sababu hiyo.

Upande wa pili, wakoloni walikuwa wakisafisha makabati. Mwaka 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba nyaraka za kuiaibisha Uingereza zisikabidhiwe serikali mpya. Nyingi zilichomwa. Faili zipatazo 1,500 za Kenya zilisafirishwa kimyakimya, na kuwepo kwake Hanslope Park, ghala la serikali huko Uingereza, kulikiriwa mwaka 2011 tu, wazee wa kambini walipokuwa wameishtaki Uingereza. Ndani yake mlikuwa na ushahidi wa mateso yaleyale ambayo wafungwa walikuwa wameyalalamikia zaidi ya nusu karne kabla. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya watu 5,228. Wengi wa wale walioandika walikwisha kufa.

Nasi wenyewe hatukuwatunza. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi 2003. Kariuki, akiwa mbunge, aliuawa Machi 1975. Gakaara alikamatwa tena mwaka 1986, safari hii na Waafrika wenzake, akishukiwa kuhusika na Mwakenya, vuguvugu la siri la kuipinga serikali.