Hattie McDaniel na Kesi ya Sugar Hill

Hattie McDaniel (1893–1952), mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Oscar, amezoeleka kuandikwa kana kwamba maisha yake yote yalikuwa usiku mmoja wa Februari 1940. Wanaomsifu huanzia hapo, na wanaomlaumu huanzia hapo hapo. Lawama yenyewe inajulikana: kwamba alikubali kuigiza mtumishi wa ndani anayempenda bwana wake, na kwa hiyo akawapa wabaguzi wa Marekani picha waliyotamani kuiona. Lawama hiyo haisimami mbele ya kesi iliyosikilizwa Los Angeles mwaka 1945, kesi ambayo makala nyingi juu yake huipita kwa sentensi moja.

Alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto 13. Baba yake, Henry, aliwahi kuwa mtumwa, na alipigana upande wa Muungano katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Familia ilihamia Colorado, na huko Denver, mwaka 1910, Hattie alishinda medali ya dhahabu katika mashindano ya kughani mashairi. Mwaka 1914 yeye na dada yake Etta waliunda kundi la maonyesho la wanawake pekee. Katika miaka ya 1920 aliimba bluzi redioni, akarekodi santuri na kuzunguka na makundi ya jukwaani. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929 alijikuta Milwaukee bila kazi, akawa mhudumu wa choo cha wanawake katika klabu moja ya usiku, hadi siku aliporuhusiwa kupanda jukwaani na kuimba.

Mwaka 1931 alihamia Los Angeles, walikokuwa ndugu zake. Alifanya kazi za ndani huku akitafuta nafasi za filamu. Alionekana katika *Judge Priest* (1934), *Alice Adams* (1935) na *Show Boat* (1936), ambamo aliigiza pamoja na Paul Robeson. Karibu kila mara alipewa nafasi ya mpishi au mjakazi, maana studio hazikuwa na nafasi nyingine kwa mwanamke mweusi wa umbo na rangi yake. Hata hivyo, mjakazi wake katika *Alice Adams* huwadharau waziwazi waajiri wanaojifanya matajiri anaowaandalia chakula, na watazamaji wengi wa kizungu wa Kusini hawakuzoea kumwona mtumishi wa namna hiyo.

*Gone with the Wind* ilizinduliwa Atlanta Desemba 1939. Sheria za ubaguzi za Georgia ziliwazuia waigizaji weusi wa filamu hiyo kuhudhuria. Tarehe 29 Februari 1940, katika Hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, McDaniel alipokea tuzo ya mwigizaji msaidizi bora wa kike kwa kuigiza mtumishi katika filamu hiyo. Hoteli hiyo haikupokea wageni weusi, na ilibidi mtayarishaji David O. Selznick amwombee ruhusa ya kuingia. Aliketishwa kwenye meza ndogo kando, mbali na waigizaji wenzake.

Mgogoro juu ya nafasi hizo za watumishi ulipamba moto miaka miwili baadaye. Mwaka 1942 Walter White, katibu mtendaji wa chama cha kutetea haki za weusi cha NAACP, alikutana na wakuu wa studio na kuwataka waache kuwaonyesha weusi kama watumishi na wajinga tu. Dai hilo lilikuwa la haki. Kosa lilikuwa katika njia aliyoifuata. White alizungumza na wenye studio bila kuwashirikisha waigizaji weusi waliokuwa Hollywood kwa muda mrefu, na alimpigia debe Lena Horne, kijana mwenye ngozi nyeupe zaidi, kuwa mfano wa mwigizaji mpya. Studio zilipunguza nafasi za wajakazi bila kuongeza za wauguzi, walimu au mawakili. Hivyo gharama ya mabadiliko ililipwa na watu walioishi kwa ujira wa kila filamu. McDaniel alijibu kwamba alikuwa amewashawishi waongozaji waondoe Kiingereza cha kuvunjavunja katika mazungumzo ya wahusika wake, na kwamba kazi yake iliwafungulia wengine milango. Walaumu wake hawakulipa jibu hilo uzito lililostahili.

Wakati mabishano hayo yakiendelea, McDaniel alikuwa mshtakiwa. Alikuwa amenunua nyumba West Adams Heights, mtaa wa majumba makubwa ambao weusi waliuita Sugar Hill. Mwigizaji Louise Beavers na mwimbaji Ethel Waters nao waliishi huko. Hati za nyumba za mtaa huo zilikuwa na sharti lililokataza nyumba kuuzwa kwa mtu asiye mzungu au kukaliwa naye. Baadhi ya majirani wazungu walikwenda mahakamani kutaka wakazi weusi wafukuzwe. McDaniel aliwakusanya majirani nyumbani kwake kujiandaa, na wakazi hao wakatetewa na wakili Loren Miller. Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke aliutembelea mtaa huo, kisha akaitupilia mbali kesi. Alisema umefika wakati wa weusi kupewa haki zote walizohakikishiwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba. Miaka mitatu baadaye, katika shauri la *Shelley v. Kraemer*, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya aina hiyo. Miller alikuwa miongoni mwa mawakili waliotetea upande huo.

Kuanzia Novemba 1947 McDaniel aliongoza kipindi cha redio cha *Beulah*, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa nyota wa kipindi cha mtandao wa redio nchini humo. Ugonjwa ulimkatiza alipoanza kurekodi *Beulah* ya televisheni. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952 kwa saratani ya matiti. Alitaka azikwe katika makaburi ya Hollywood, lakini makaburi hayo hayakuwapokea weusi, akazikwa Rosedale. Tuzo aliyoirithisha Chuo Kikuu cha Howard ilipotea, na chuo kilipewa nyingine mwaka 2023.

Baada yake ilipita miaka 51 kabla ya mwanamke mwingine mweusi, Whoopi Goldberg, kupokea Oscar. Mwaka 2014 Mkenya Lupita Nyong'o aliipata katika kundi lile lile, kwa kuigiza mtumwa. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwandishi anayetaka kumhukumu McDaniel kwa nafasi alizoandikiwa na wengine anawajibika kuzipima pamoja na nafasi aliyoichagua mwenyewe, ya mshtakiwa aliyekataa kuhama Sugar Hill.