Dini, Mila, Mapokeo

Ukiulizwa sokoni Kitale, nchini Kenya, "Wewe ni dini gani?", anayekuuliza kwa kawaida hataki kujua kama u Mkristo au Mwislamu. Anataka jina la kanisa: Friends, Katoliki, Sabato, Pentekoste. Hapa dini ni orodha ya waumini na siku ya ibada. Huna kanisa? Basi huna dini, na mazungumzo yameisha.

Mzee Elijah Masinde wa Kimilili, huko Bungoma, alikataa neno hilo limilikiwe na misheni. Katika miaka ya 1940 aliliunganisha na jina la mizimu ya wahenga wa Kibukusu, ikawa Dini ya Msambwa. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikaipiga marufuku. Nadhani jina lenyewe lilichangia kuwaudhi wakubwa: wenyeji wakisema wana mila, mkoloni aliweza kutabasamu, wakisema wana dini, walikuwa wanadai kiti sawa na kanisa.

Maneno haya mawili, dini na mila, huniponyoka kila ninapojaribu kueleza kwa Kiswahili hali ya Wayahudi wengi wa leo. Kuna mtu anayewasha mishumaa Ijumaa jioni, anayekula mkate usiotiwa chachu wakati wa Pasaka na kuwaombolezea wazazi wake kwa maneno ya mababu, lakini sinagogi haendi, nyama ya nguruwe anakula, na kama Mungu yupo hana hakika. Tukimwita "Myahudi asiye na dini", tumemtaja kwa alichokosa tu. Kiebrania cha Israeli kinamtafutia mahali: dati ni anayeshika sheria, hiloni ni asiyeishika, na katikati yao yuko masorti. Utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu nusu ya Wayahudi wa Israeli hujiita hiloni. Hata hivyo wengi mno kati ya hao huketi na jamaa zao kwenye karamu ya usiku wa Pasaka.

Rabi Mordecai Kaplan wa Marekani alipendekeza njia nyingine katika kitabu chake cha mwaka 1934: Uyahudi si imani peke yake, ni maisha yote ya taifa, pamoja na lugha, sanaa, chakula na sikukuu zake. Neno alilotumia sisi huwa tunalifasiri kwa "ustaarabu". Lakini mzizi wa ustaarabu ni kufanana na Waarabu! Hilo tuliache.

Mila inafaa zaidi, kwa kuwa nayo imesafiri. Kwa Kiarabu, milla ni dini au umma wa waumini. Ndiyo maana tafsiri za Kurani husema "mila ya Ibrahimu". Ilipozoea Kiswahili ikatoka msikitini ikaingia jikoni, arusini na jandoni, wala heshima haikuipotea.

Ila mila haisemi nani anafanya nini. Mapokeo yanasema. Masorti limetokana na kitenzi cha Kiebrania chenye maana ya kukabidhi, nasi tumesimama upande wa pili, kwenye mkono unaopokea. Pirkei Avot, mkusanyo wa kale wa hekima za marabi, unaanza kwa vitenzi vyote viwili: Musa alipokea Torati Sinai, akamkabidhi Yoshua.

Kuna aliyepokea bila kukabidhiwa. Mwaka 1919, Mbale, upande wa pili wa Mlima Elgon, jemadari Semei Kakungulu alitahiriwa pamoja na wanawe kwa sababu ya aliyoyasoma katika Biblia. Hakuwa na babu Myahudi. Ndiyo asili ya Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao Idi Amin naye aliwapiga marufuku bila kuwavunja moyo.

Na kuna aliyekabidhiwa, akapokea kwa kuchagua. Bungoma wanamjua vizuri. Agosti ya mwaka wa shufwa ikifika, kijana wa Kibukusu hupiga njuga za chinyimba na kuwaalika jamaa kwenye tohara yake. Alfajiri ya siku yenyewe hupakwa matope mtoni. Wazazi wake huenda walibatizwa miaka mingi iliyopita. Familia nyingine sasa humpeleka hospitali, kisha sherehe ikafanyika nyumbani. Hakuna anayewaambia kwamba wameacha kuwa Wabukusu.

Kwa hiyo yule wa mishumaa nampa jina la mshika mapokeo. Si jina la bure. Mshika dini huulizwa kama ametii. Mshika mapokeo huulizwa amechukua nini, kwa nini, na atamkabidhi nani. Asiyekuwa na jibu la swali la mwisho bado ni mrithi tu. Watafsiri na watunga kamusi, msimwandike tena kuwa "asiye na dini".