Kijana Anaposema kwa Vitendo
Tiba ya nafsi, jinsi alivyoiasisi Sigmund Freud mjini Vienna, ni tiba ya maneno: mgonjwa hunena, tabibu husikiliza. Lakini barobaro aliyevurugika aghalabu hana maneno hayo. Huiba, hutoroka, huvunja vioo. Akiulizwa kisa na maana, hunyamaza kimya kama maji ya mtungi.

Aliyelitambua hili mapema ni mwalimu August Aichhorn (1878-1949). Mnamo 1918 alifungua makao ya vijana watukutu huko Oberhollabrunn, Austria. Waliokuwa wakali kupindukia aliwaweka katika kundi lao, akawaagiza walezi wasiwaadhibu, bali wawatendee kwa upole. Vijana wakazidi kuchacha: samani zikavunjwa, madirisha yakapasuliwa. Anayedhani huo ni ulegevu na ajaribu kutolipiza anapochokozwa kutwa kucha. Hatimaye ghadhabu iligeuka machozi, nao wakaanza kutulia. Kitendo kilikuwa kimejibiwa kwa kitendo. Maneno yalipata nafasi baadaye, alipopatikana mtu mzima wa kuaminiwa. Masimulizi hayo yamo katika kitabu chake cha 1925, ambacho Freud alikiandikia dibaji.

Nchini Uingereza, Donald Winnicott, daktari wa watoto, alieleza mwaka wa 1956 kwamba wizi wa mtoto hubeba tumaini: anatafuta alichonyang'anywa. Badala ya kumsaili, Winnicott alichora mstari ovyo karatasini, mtoto akaugeuza kuwa picha, kisha wakabadilishana zamu. Mazungumzo yakaanzia hapo.