Ubungo: jimbo moja likawa mawili

Wadau, sisi tunaopita Ubungo tukiwaza foleni tu huwa tunasahau kwamba jimbo lile lina historia yake. Mwaka 1995 lilimpeleka bungeni Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2000 likachukuliwa na Charles Keenja wa CCM, akakaa mpaka 2010 alipoingia John Mnyika wa Chadema.

Mwaka 2015 likakatwa, likazaliwa jimbo la Kibamba. Mnyika akahamia huko akashinda, na Ubungo akashinda Saed Kubenea, Chadema vilevile. Kiti kimoja cha upinzani kikawa viwili! Mwaka 2020 CCM ikabeba vyote, wapinzani wakaulalamikia uchaguzi ule.

Kwa hiyo jamani, jimbo likigawanywa tusiulize tu mpaka unapita wapi. Tuulize pia nani anahesabu kura.